Kasino ya Kabila Nje ya Rizavu: Namna ya Kuipinga, Hatua kwa Hatua

Mara nyingi habari hufika kwa namna moja. Jirani anakuonyesha shamba la mizabibu kando ya barabara na kukwambia kwamba kabila fulani, ambalo makao yake yako kaunti nyingine, limelinunua na linataka kujenga kasino na hoteli. Wiki hiyohiyo saini zinaanza kukusanywa, mabango yanasimamishwa, na watu wanagombana. Nguvu nyingi humwagika hapo bure, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la kwanza: kabila hili linaingia kwa mlango gani wa sheria, na ufunguo wa mlango huo anao nani?

Nawaandikia wasomaji wa Kiswahili mnaoishi Marekani, hasa mliokwisha kununua nyumba au kukodi duka karibu na maeneo kama hayo na kudhani kwamba ugomvi huu ni wa wenye nchi peke yao. Si wao peke yao. Barabara itakayojaa magari ni yenu pia.

Unayeshindana naye ni nani

Kabila linalotambuliwa na serikali ya shirikisho si kampuni. Ni serikali yenye baraza, mahakama na mara nyingi polisi wake. Makabila ya namna hiyo ni zaidi ya 570. Wazee wa Kenya waliokulia katika rizavu za mkoloni wataielewa historia hii bila kuelezwa sana: watu walisukumwa kwenye kipande cha ardhi, kisha hata kipande hicho kikamegwa. California ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuvunja rizavu ndogo ziitwazo rancheria, na makabila mengi yakabaki bila hata mahali pa kujenga ofisi. Koi Nation, kabila linalotaka kujenga kasino karibu na mji wa Windsor, lilipoteza ardhi yake hata kabla ya hapo: sheria ya mwaka 1956 iliruhusu iuzwe kwa Kaunti ya Lake kwa ajili ya uwanja wa ndege.

Unaweza kuyakubali hayo yote na bado ukapinga kasino kujengwa mahali fulani. Nalisema mapema kwa sababu hoja nzuri za mtaa mzima huzikwa na mtu mmoja anayesimama na kusema kwamba hawa si wenyeji wa kweli. Ni maneno ya dhuluma, na yanaandikwa kwenye kumbukumbu pamoja na yako.

Fahamu pia ukubwa wa biashara yenyewe. Katika mwaka wa fedha 2023 michezo ya kamari ya makabila iliingiza dola bilioni 41.9. Nyuma ya kabila dogo mara nyingi huwa kuna mwekezaji mkubwa mwenye mawakili wa kutosha, anayeweza kusubiri miaka 15. Jipange kwa safari ndefu.

Hatua ya kwanza: tambua mlango

Mwaka 1987, katika kesi ya kabila la Cabazon, Mahakama Kuu ya Marekani (ile ya juu kabisa) iliamua kwamba California haina mamlaka ya kuzuia michezo ya kamari kwenye ardhi ya kabila. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya michezo ya kamari ya makabila, iitwayo IGRA, iliyotiwa saini tarehe 17 Oktoba 1988. Kifungu chake cha 20 ndicho cha kukariri. Kinasema kwamba ardhi iliyochukuliwa kuwa ya amana baada ya tarehe hiyo haiwezi kuwa na kasino, isipokuwa kwa njia chache zilizotajwa. Ardhi ya amana ni ile ambayo serikali ya shirikisho inaishika kwa niaba ya kabila. Kaunti haiitozi kodi ya ardhi na sheria zake za mipango miji haziifikii.

Njia ya kwanza naiita mlango wa gavana. Waziri wa Mambo ya Ndani anatakiwa aridhike na mambo mawili: kwamba kasino ni kwa manufaa ya kabila, na kwamba haitaidhuru jamii inayoizunguka. (Usichanganyikiwe na jina la wizara. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani haihusiki na uhamiaji; inashughulikia ardhi, mbuga na makabila, na idara yake inayohusika hapa ni Bureau of Indian Affairs, yaani BIA.) Waziri akisharidhika, gavana wa jimbo naye lazima akubali. Ana mwaka mmoja, unaoweza kuongezwa siku 180. Akinyamaza mpaka muda ukaisha, ombi limekufa.

Njia ya pili ni ya makabila yaliyofutwa na kisha kurudishiwa utambuzi, au yanayopata rizavu yao ya kwanza, au yanayofidiwa ardhi iliyopotea. Hapa gavana hana ufunguo. Anaweza kuandika barua kali, lakini kura hana.

Njia ya tatu ni Bunge la Marekani lenyewe kutunga sheria kwa ajili ya kabila moja.

Tazama tofauti inavyoonekana kazini. Menominee wa Wisconsin walitaka kasino mjini Kenosha, mbali sana na rizavu yao. BIA ikakubali mwaka 2013. Ulikuwa mlango wa gavana, na tarehe 23 Januari 2015 Gavana Scott Walker akakataa. Ombi hilo likafia hapo. Kule Oregon, kabila la Coquille lilitaka kasino Medford, zaidi ya maili 100 kutoka makao yake ya pwani, kwenye kiwanja cha ekari 2.4 tu. Magavana walipinga kwa nyakati tofauti. Lakini Coquille waliingia kwa mlango wa kurudishiwa ardhi, ile njia ya pili, na Januari 2025 wizara ikaidhinisha. Aliyetumia miaka yake Medford kumwomba gavana azuie alikuwa anabisha nyumba isiyo na mtu.

Kwa hiyo kabla ya bango la kwanza, pata ombi la kabila na utafute limetaja kifungu gani. Kama ni mlango wa kurudishiwa, mjadala mkubwa utakuwa juu ya historia: je, kabila lina uhusiano mzito wa kihistoria na kiwanja hicho hasa, na lina uhusiano wowote nacho leo? Na kwa mlango wowote wa wizara, mara nyingi kuna swali lililotokana na kesi ya Carcieri ya mwaka 2009: je, kabila lilikuwa chini ya mamlaka ya shirikisho mwaka 1934? Maswali hayo mawili yaachie wanahistoria na mawakili. Jirani anayejifanya mtaalamu wa ukoo wa watu wengine huharibu zaidi ya anavyosaidia.

Hatua ya pili: karatasi na tarehe

Fungua daftari moja la tarehe. Kabila linapoomba ardhi iwe ya amana, BIA huiandikia serikali ya jimbo na kaunti, na hizo hupewa siku 30 kusema kodi gani zitapotea na migongano gani ya matumizi ya ardhi itatokea. Kwenye mlango wa gavana kuna barua nyingine ya mashauriano yenye siku 60. Barua hizo haziji nyumbani kwako. Zinakwenda kwa karani wa kaunti au ofisi ya meya, na ni juu yako kupiga simu kila mwezi na kuuliza kama zimefika.

Andika pia duara la maili 25, karibu kilomita 40, kutoka kwenye kiwanja. Kwenye mlango wa gavana, serikali za mitaa na makabila yaliyomo ndani ya duara hilo ndiyo “jamii inayozunguka” ambayo waziri lazima ashauriane nayo. Mji ulio nje kidogo unaweza kuomba uingizwe, lakini lazima uonyeshe kwamba huduma zake zitaathirika moja kwa moja.

Matangazo rasmi hutoka kwenye gazeti la serikali liitwalo Federal Register, linalosomwa bure kwenye intaneti. Yaliyofichika yaombe kwa sheria ya uhuru wa habari, FOIA. Kisheria wana siku 20 za kazi. Kwa desturi wanachelewa sana, basi omba mapema na utaje hati unazozitaka kwa jina.

Hatua ya tatu: barua ya maoni

Hapa ndipo mwananchi wa kawaida ana nguvu kuliko anavyodhani.

Mradi mkubwa wa namna hii hufanyiwa tathmini ya athari za mazingira, jamaa ya zile zinazosimamiwa na NEMC Tanzania au NEMA Kenya. Kwa desturi rasimu hutolewa, watu huandika maoni, kisha hutoka ripoti ya mwisho na uamuzi. Kwa miaka mingi rasimu ilipewa angalau siku 45 za maoni. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2025, kwa hiyo usitegemee desturi. Soma tarehe iliyo kwenye tangazo la mradi wako na uiheshimu kama tarehe ya mtihani.

Huhitaji kuwa raia ili kuandika maoni. Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi, mwanafunzi, wote wanaweza. Andika kwa Kiingereza ikiwezekana, na mkae jioni moja kanisani au msikitini vijana wakiwaandikia wazee kwa maneno ya wazee wenyewe. Bibi anayekumbuka usiku walipohamishwa kwa sababu ya moto ana ushahidi ambao mshauri wa kulipwa hana.

Sababu ya kuandika ni hii: jaji akija kuulizwa kama wizara ilifanya kazi yake sawasawa, ataangalia zaidi yaliyokuwemo kwenye jalada wakati uamuzi unafanywa. Jambo ambalo hukuliandika kwa wakati, kwa sehemu kubwa, halikuwahi kutokea. Kuhusu kasino ya Scotts Valley Band of Pomo mjini Vallejo, wizara iliidhinisha Januari 2025, na Machi mwaka huohuo ikasema inapitia upya sifa ya kiwanja hicho kuwa na kamari kwa sababu kulikuwa na ushahidi uliowasilishwa ambao haukuzingatiwa. Hiyo ndiyo thamani ya karatasi iliyofika kwa wakati.

Linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: “Kasino italeta uhalifu na kuharibu watoto wetu.” Ya pili: “Naishi barabara inayopakana na kiwanja. Oktoba 2019, moto wa Kincade ulipokuja, mji wote wa Windsor uliamriwa kuhama. Rasimu inapendekeza hoteli ya vyumba 400 kwenye barabara hiyohiyo. Sura ya uokoaji inahesabu magari mangapi usiku wa Jumamosi, na yatatokea wapi?” Ya kwanza itajibiwa kwa mstari mmoja. Ya pili inamlazimisha mtu atafute jibu, na asipolipata, kasoro imeingia kwenye jalada. Watu wa Windsor waliandika sana juu ya moto na njia za kutokea, na nadhani hiyo ilikuwa hoja yao bora.

Kila barua ibebe jambo moja au mawili. Taja ukurasa. Eleza unachokijua kwa macho yako: saa basi la shule linapopita, kisima chako kina kina gani, mto unafurika mwezi gani. Maji yastahili barua yake, maana kasino na hoteli hunywa maji mengi na majitaka lazima yaende mahali. Kama unafanya kazi hospitali, eleza gari la wagonjwa huchukua dakika ngapi sasa. Kisha omba jambo mahsusi: kiwanja mbadala kichunguzwe, idadi ya mashine za kamari (Dar es Salaam tungesema dubwi) ipunguzwe, taa za barabarani zijengwe kabla ya milango kufunguliwa. Wengine huona kwamba kuomba masharti ni kusalimu amri. Sikubaliani nao. Masharti yaliyoandikwa mapema ndiyo pekee utakayoweza kuyadai baadaye.

Barua 500 zilizonakiliwa neno kwa neno huhesabiwa kama hoja moja. Afadhali 30 tofauti.

Hatua ya nne: kikao cha kusikiliza wananchi

Utapewa dakika tatu, pengine mbili. Jiandikishe mapema, soma maneno yako kwa saa ukiwa nyumbani, na umkabidhi karani nakala. Anza kwa jina na mtaa unaokaa. Wajumbe wa kabila watakuwa wamekaa ukumbini, mara nyingi pamoja na wazee na watoto wao, waamkie. Mtu aliyelelewa kuamkia wakubwa hashindwi kumpinga mzee bila kumdharau.

Hatua ya tano: jiji na kaunti

Omba madiwani na bodi ya kaunti wapitishe azimio, tena mapema, maana mashauriano hufanywa nao na si na wewe. Kisha wafuatilie baada ya kupitisha. Glendale, Arizona, ilianza kupambana na kasino ya kabila la Tohono O'odham mwaka 2009 na kufika mahakamani. Mwaka 2014 jiji likageuka, likatia saini makubaliano ya kulipwa kiasi cha dola milioni 26 kwa miaka 20. Wakazi waliodhani jiji linawasemea wakajikuta peke yao.

Silaumu miji kwa kujadiliana. Kabila halilazimiki kulipa kodi ya ardhi, kwa hiyo mkataba wa hiari ndio njia ya jiji kupata fedha za zimamoto na barabara. Ila dai mambo mawili: mazungumzo yasifanywe kimya kimya, na mkataba usiwe na kifungu kinacholizuia jiji kusema ukweli kuhusu athari. Omba rasimu yake kabla ya siku ya kura.

Glendale inafundisha jambo lingine pia. Kasino za mashine kamili zinahitaji mkataba kati ya kabila na jimbo, na wapinzani wengi huamini kwamba bila mkataba hakuna kasino. Desert Diamond, kasino hiyo ya Tohono O'odham, ilifunguliwa Desemba 2015 jimbo likiwa bado linagoma, kwa kutumia mashine za aina ya bingo ambazo sheria haizihitajii mkataba huo. Mwaka 2017 wakapatana, na mashine kamili zikaingia.

Hatua ya sita: washirika na fedha zao

Mshirika wako mwenye nguvu kuliko wote atakuwa kabila jingine. Graton Rancheria walisimama dhidi ya Koi, Yocha Dehe Wintun dhidi ya mradi wa Vallejo, Cow Creek dhidi ya Medford. Wana mawakili, wana wanahistoria, na wana haki ya kushauriwa kama serikali. Wengine wanalinda makaburi ya mababu zao. Wengine wanalinda soko la kasino yao. Wengi yote mawili. Kalispel wa jimbo la Washington walifungua Northern Quest mwaka 2000 kwa mlango wa gavana, nje ya rizavu yao, kisha wakaenda mahakamani kuwapinga Spokane waliotaka kujenga karibu, na wakashindwa. Hilo halifanyi hoja zao kuwa za uongo. Linakutaka tu ujue uko upande wa nani na kwa nini.

Kwa watu wa makanisa nina onyo zito. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mshawishi wa Washington aitwaye Jack Abramoff na mwenzake Ralph Reed waliwaamsha Wakristo wa Louisiana wapinge kasino ya kabila la Jena. Waumini walipiga simu na kuandika barua kwa dhamiri safi. Fedha zilizolipia kampeni zilitoka kwa kabila la Coushatta, lililokuwa na kasino tayari na halikutaka mpinzani. Abramoff alikiri makosa ya jinai mwaka 2006. Basi mtu akikujia na vipeperushi vilivyokwisha chapwa na basi la kuwapeleka watu kikaoni, muulize wazi nani amelipia, na jibu lake liseme mbele ya kikundi chote kabla ya kupokea kitu.

Fungueni akaunti yenu ndogo, hata iwe na dola 300 za kunakili karatasi. Uhuru wa kusema hapana kwa mfadhili una thamani.

Hatua ya saba: gavana na sanduku la kura

Kama mlango ni wa gavana, mpelekee barua fupi zenye viambatisho vyenu bora, na zipelekwe na watu ambao ofisi yake haikuwatarajia: wauguzi, wakulima, wenye maduka.

Katika baadhi ya majimbo wananchi wanaweza kuupeleka mkataba wa kasino kwenye kura ya maoni. California ilifanya hivyo kwa North Fork Rancheria, waliotaka kasino kando ya barabara kuu namba 99 karibu na Madera, maili 36 hivi kutoka rancheria yao. Gavana Jerry Brown alikubali mwaka 2012, bunge la jimbo likaupitisha mkataba mwaka 2013, na Novemba 2014 asilimia 61 ya wapiga kura wakaukataa kupitia Pendekezo la 48. Wengi wakasherehekea na kwenda kulala. Mwaka 2016 Wizara ya Mambo ya Ndani ikatoa kanuni zake yenyewe za kuendesha kasino hiyo bila mkataba wa jimbo, kama IGRA inavyoruhusu, na kesi zikaendelea kwa miaka. Kura ni silaha nzuri, lakini iko chini ya sheria ya shirikisho.

Kuhusu saini, nisikilize vizuri wewe ambaye bado si raia. Barua ya maoni ni yako, kikao ni chako. Fomu ya saini za kura ya maoni si yako. California hutiwa saini na wapiga kura walioandikishwa tu, na asiye raia anayejiandikisha kupiga kura anaweza kuhatarisha haki yake ya kuishi Marekani. Mkusanya saini sokoni anaweza asikuulize. Jiulize mwenyewe.

Hatua ya nane: mahakama

Mpaka mwaka 2012 haikuwa wazi kama jirani wa kawaida anaweza kuishtaki wizara kwa kuchukua ardhi kuwa ya amana. David Patchak, mkazi wa Wayland Township, Michigan, alifungua kesi mwaka 2008 kuhusu ekari 147 za kabila la Gun Lake. Alisema kasino itaharibu maisha ya kijijini aliyoyachagua. Mahakama Kuu ilisema kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba ana haki ya kusikilizwa. Wakati huo kasino ilikuwa imefunguliwa zaidi ya mwaka mmoja. Kisha mwaka 2014 Bunge likatunga sheria iliyothibitisha ardhi hiyo na kuamuru kesi zake zitupwe, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaikubali sheria hiyo. Patchak alishinda haki ya kuingia mlangoni, nyumba ikahamishwa.

Mahakama ni ghali na ni ya polepole, na tangu mwaka 2013 wizara inaweza kuichukua ardhi mara tu uamuzi wa mwisho unapotiwa saini, bila kungoja siku 30 kama zamani. Mtafute wakili wa sheria za makabila rasimu ya tathmini inapotoka, si baada ya uamuzi. Gharama mgawane na kaunti au kabila mshirika. Na mwandikieni mbunge wenu wa Washington mapema, mkitaja jina la kabila na kiwanja, ili sheria ya kumaliza kesi isipite bila ninyi kujua.

Kama itajengwa

Wengi huondoka siku hiyo. Baki. Chukua uamuzi wa wizara na mkataba wa kaunti, piga mstari chini ya kila ahadi: taa ya barabarani, kisima cha kupima maji, gari la zimamoto, fedha za kuwasaidia waliozama kwenye kamari. Andika tarehe mbele ya kila moja na jina la afisa wa kaunti anayehusika. Kisha nenda kwenye kikao cha kwanza cha bodi baada ya ufunguzi, ukaulize ya kwanza kwenye orodha imefikia wapi.